Kigeu cha klasi na kigeu cha kitu

Kigeu (wingi: vigeu, ngeli ya KI-VI) ni jina la nafasi ya kumbukumbu inayotunza thamani inayoweza kubadilika programu inapoendeshwa. Katika upangaji programu unaojikita katika vitu, vigeu hugawanyika kwa kigezo cha umiliki. Kigeu cha kitu humilikiwa na kitu kimoja: kila kitu kinachoundwa kutokana na klasi hupata cha kwake. Kigeu cha klasi ni kimoja tu, na vitu vyote vya klasi hiyo hukitumia kwa pamoja. Vikiundwa vitu mia, vigeu vya kitu huwa mia, ilhali cha klasi hubaki kimoja. Hata kabla ya kuundwa kitu cha kwanza, kigeu cha klasi huweza kusomwa.

Mfano

Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika upande wake wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Tuseme mwanafunzi wa Ujiji anaandika, kwa lugha ya Java, programu ya kutunza kumbukumbu za mwalo:

```
class Mtumbwi {
    static boolean uvuviRuksa = true;
    String namba;
    int kilo;
}
```

Namba ya usajili na kilo za dagaa hutofautiana kwa kila mtumbwi. Hivyo ni vigeu vya kitu. Ruhusa ya kuvua ni ya ziwa zima. Hivyo ni kigeu cha klasi. Siku ya kufunga ziwa, mstari mmoja unatosha:

```
Mtumbwi.uvuviRuksa = false;
```

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kuifanya ruhusa kuwa kigeu cha kitu. Hapo italazimu kubadilisha thamani mtumbwi kwa mtumbwi. Ukisahauliwa mmoja, programu itaendelea kuuonyesha kuwa na ruhusa, na mvuvi wake ataingia ziwani kinyume cha sheria akiamini kwamba yuko salama.

Kosa la pili ni kinyume chake: kuweka neno *static* mbele ya `kilo`. Mtumbwi wa kwanza ukiandikiwa kilo 80, kisha wa pili 30, yote miwili itasomeka 30. Kilo 50 za mvuvi wa kwanza zimepotea daftarini, wala programu haitatoa onyo, kwa kuwa kisarufi haina kosa.

Maelezo ya matumizi

Baadhi ya wafasiri hutumia *kigeu tuli*. Istilahi hiyo hufuata neno la Java, ambalo lilipitia C++ kutoka lugha ya C, lakini humpotosha msomaji wa Kiswahili. *Tuli* ni hali ya kutotikisika, kama maji ya ziwa pasipo upepo, ilhali thamani ya kigeu hiki hubadilika, kama mfano wa hapo juu unavyoonyesha. Kinachozuia thamani kubadilishwa katika Java ni neno jingine, *final*. Mkanganyiko huzidi kwa sababu maneno hayo mawili mara nyingi huandikwa pamoja. *Kigeu cha klasi* ni bora, kwa kuwa hutaja mmiliki.

*Klasi* (ngeli ya I-ZI) hufaa kuliko *darasa*, hasa katika vitabu vya shule, ambamo *darasa* lina maana yake ya kila siku. Vilevile *kitu* ni wazi kuliko *mfano*, ambalo msomaji hulielewa kuwa kielelezo.

Katika sentensi

*Kila mtumbwi una kigeu chake cha namba.*
*Thamani ya kigeu cha klasi ilipobadilishwa, mitumbwi yote iliisoma thamani mpya.*