Baharia Mwimbaji wa Sur

Wajukuu zangu, hapa Ras al Hadd, Oman, ndipo pwani ya Bara Arabu inapokata kona. Ukitoka Muscat ukafuata bahari, ukapita Sur, ukifika hapa nchi kavu imekwisha mbele yako. Kuanzia rasi hii pwani inageuka na kushuka kusini-magharibi, kupitia Masira na Dhofar, na mwenye jahazi na subira akiendelea atafika Lamu, Mombasa na Unguja. Upepo wa kaskazi ulipoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, majahazi ya Sur yalizunguka hapa yakiwa na tende na papa wa chumvi. Kusi ilipoanza kuvuma yalirudi na boriti za mikoko, na ndani yake nyimbo ambazo hakuna mtu wa forodha aliyewahi kuzitoza ushuru.

Leo nawasimulia habari za mmoja wa mabaharia hao. Jina lake ni Salim Rashid Suri. Alizaliwa Sur karibu na mwaka 1910, akafariki mwaka 1979, na watu wa Ghuba walimwita baharia mwimbaji. Nimesikiliza waimbaji wengi katika umri wangu, na yeye bado ananifanya niache ninachofanya.

Kuimba kwa Salim kulianza mapema, na matatizo nayo yakaanza mapema. Jamaa zake hawakutaka. Kwa familia nyingi za wakati ule, kijana kushika udi na kuimba mbele za watu ilikuwa aibu kwa ukoo mzima. Lakini fikirini pia Sur yenyewe ilikuwaje: mji wa kuunda vyombo, sauti ya nyundo na tezo ufukweni tangu asubuhi, na vijana wengi wakiingia baharini wakingali wadogo. Salim naye akaingia. Na chomboni, kile alichokatazwa nyumbani kilikuwa kazi.

Nieleze vizuri, kwa sababu nyinyi mmezaliwa zama za injini. Jahazi kubwa lina foromali, yaani ule mti mrefu unaobeba tanga. Foromali ya chombo kikubwa ni nzito mno, haipandishwi na mtu mmoja wala watano. Mabaharia wanashika henza, ile kamba ya kuipandishia, kwa pamoja, kisha mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia, na kila kiitikio ni mvuto mmoja wa kamba. Wimbo ukipotea, kamba inavutwa ovyo, mikono inachunika na foromali inakwama nusu ya mlingoti. Kwa hiyo mtu mwenye sauti na kipimo kizuri cha mahadhi alikuwa na thamani chomboni kama seremala. Baharia Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alisafiri na jahazi la Kikuwait mwaka 1938 na 1939 hadi Unguja na Rufiji, akaandika kitabu kizima juu ya safari ile, na kelele za ngoma na nyimbo zimejaa humo.

Usiku, kazi zikiisha, palikuwa na muziki mwingine: sawt. Huu ndio alioupenda Salim, na ndio uliompa jina.

Sawt ni muziki wa mijini katika Ghuba, wa Kuwait na Bahrain hasa. Wengi humtaja Abdullah al-Faraj, mshairi na mwanamuziki Mkuwait wa karne ya 19, kuwa ndiye aliyeupa umbo lake, na huyo naye alikaa sana Bombay. Baadaye Bahrain ikatoa mafundi wake, Muhammad bin Faris na Dahi bin Walid. Vyombo vyake si vingi. Pana udi wa mwimbaji, panaweza kuwa na fidla, na pana marwasi, zile ngoma ndogo za pande mbili zinazokaa kiganjani, ambazo mmeziona hata Lamu na Unguja. Na kuna chombo cha mwisho ambacho hakinunuliwi dukani: makofi ya watu waliokaa.

Hapo kwenye makofi nataka tukae kidogo. Mnapokwenda kwenye tamasha siku hizi mnapiga makofi wimbo ukiisha. Katika sawt makofi yamo ndani ya wimbo. Kundi moja linapiga sawasawa na pigo, kundi la pili linapiga katikati ya mapigo yale, pale palipo wazi, kwa kasi na kwa kupishana, hata mgeni akasikia kama mvua juu ya bati asijue nani kapiga lipi. Jaribuni sasa hivi, wawili wawili. Mmoja ahesabu moja, mbili, tatu, nne na apige kofi kwa kila namba. Mwenzake apige baina ya namba tu, asiguse namba yenyewe. Polepole kwanza. Mkiweza bila kucheka, ongezeni mwendo. Mtaona kwamba wa pili ndiye mwenye kazi ngumu, na kwamba hawezi kuifanya bila kumsikiliza wa kwanza kwa makini.

Ndiyo sababu nasema mpenzi wa sawt si msikilizaji tu. Amekaa majlis, sebule ya kukutania, na kanzu yake safi, kikombe cha kahawa pembeni, na bado yumo kwenye bendi. Akikosea, wimbo wote unayumba na kila mtu atamgeukia.

Mpangilio wenyewe ni hivi. Mwimbaji anaanza peke yake na udi, taratibu, bila pigo maalumu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba asichokijua. Watu wamenyamaza. Halafu udi unashika mwendo, marwasi zinaingia, na makofi yanafuata. Kuna sawt ya mwendo wa nne na kuna ya mwendo wa sita, na mjuzi anaitambua kabla marwasi hazijaingia. Wimbo ukipamba moto, wanaume wawili wanasimama katikati kucheza zafani: wanakwenda mbele pamoja, wanarudi, wanapiga goti, wanaruka. Hawagusani wala hawaambiani kitu, na hata hivyo wanashuka chini kwa wakati mmoja. Mwisho inakuja tawshiha, beti za kufungia, ambazo kila mtu anazijua.

Na yote haya yanaongozwa na nani? Na yule mwenye udi. Hana fimbo ya kuongozea kama kiongozi wa okestra. Anatumia jicho, anatumia bega, anatumia ule unyoya wa kupigia nyuzi: akiukandamiza watu wanajua makofi yapande, akiulegeza wanajua yashuke. Huku akiimba. Huku akiwa na ushairi wa Kiarabu kichwani, mwingine wa zamani sana, asiruhusiwe kusahau hata ubeti.

Wapo kati yenu wanaopenda roki, nimewasikia vyumbani mwenu. Basi mkubwa wenu mmoja, Frank Zappa wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki mwaka 1993, alikuwa mtu wa namna hii. Alitunga mwenyewe, alipiga gitaa kwa ufundi mkubwa, aliandika hata muziki wa okestra, na jukwaani aliigeuza bendi yake ghafla kwa ishara za mikono ambazo wanamuziki wake walizijua kwa moyo. Watu wengi walimwona mtu wa ajabu. Wapenzi wake hawakujali. Walikusanya rekodi zake moja baada ya moja na kubishana usiku kucha ni usiku upi alipiga vizuri zaidi. Mkijua raha ya ubishi ule, mmeshaelewa nusu ya hadithi ya Salim. Tofauti ni kwamba udi hauna vile vipande vya chuma vya shingoni kama gitaa. Kidole kikikaa pembeni kidogo tu, sauti imeharibika, na hakuna kitu cha kukuokoa isipokuwa sikio lako.

Bahari ikampeleka Salim hadi Bombay. Mji huo, ambao leo unaitwa Mumbai, ulikuwa soko kuu la bahari yetu yote. Wafanyabiashara wa Ghuba walipeleka huko lulu, tende na farasi, wakarudi na mchele, mbao za msaji na vitambaa. Salim alikaa huko, akafanya kazi miongoni mwa wafanyabiashara Waarabu, na katika miaka ya 1930 akaingia studio akarekodi santuri.

Bombay hiyohiyo, mwaka 1928, alikuwa ameshafika mama mmoja kutoka Unguja na wenzake. Mnamjua: Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha yake. Alikwenda kurekodi taarab kwa Kiswahili, na santuri zake zikaenea pwani yote ya Afrika Mashariki. Siti mtoto wa watu maskini, Salim baharia aliyekatazwa kuimba. Wote wawili walivuka bahari ileile ili sauti zao zibaki. Mimi siwezi kuliwaza jambo hili bila kusisimka. Nyumba nyingi za Ibra na Sur ziliwapokea wote wawili, kwa sababu ndani yake mlikuwa na watu waliokuwa nyumbani katika Kiarabu na Kiswahili sawasawa.

Santuri yenyewe mngeiona mngeishangaa. Ni sahani nyeusi, nzito, inayozunguka mara 78 kwa dakika, na ukiiangusha sakafuni imevunjika kama kigae. Ilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti huko India. Gramafoni haikuhitaji umeme. Ulizungusha mpini, ukaweka sindano ya chuma, na sindano hiyo ikibutuka ulitia nyingine. Upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Sawt ya majlis inaweza kuendelea mara nyingi zaidi ya hapo! Kwa hiyo waimbaji walilazimika kubana, au kuukata wimbo vipande viwili: nusu upande huu, unageuza, nusu upande wa pili.

Na makofi je? Studioni hakuna majlis. Ndipo wapenzi walipofanya kazi yao. Santuri iliwekwa, watu wakakaa duara, na walipiga makofi wao wenyewe juu ya sahani inayozunguka. Aliyekuwa na gramafoni alipata wageni hata asiowajua. Wimbo ukikatika katikati, mmoja aliigeuza santuri na wengine walishikilia mwendo kwa makofi mpaka sindano iguse tena. Huko ndiko kumpenda mwanamuziki.

Baadaye Salim alihamia Bahrain, na huko akafanya jambo lililohitaji moyo: akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya santuri, akaiita Salimphone. Mtu ambaye kwao kuimba kulikuwa aibu, sasa jina lake limechapwa katikati ya sahani na linazunguka mbele ya macho ya kila anayesikiliza. Ukiniuliza, hilo ndilo jibu bora aliloweza kuwapa jamaa zake, na hakulitoa kwa maneno makali.

Oman ya miaka ile ilikuwa imefungiwa mambo mengi, na vijana wengi walikwenda Bahrain, Kuwait na Afrika Mashariki kutafuta maisha. Mwaka 1970 Sultan Qaboos alishika nchi na kuwaita watu warudi. Wengine tulirudi kutoka Unguja tukiwa na Kiswahili chetu na masufuria yetu. Salim alirudi mwaka 1971, akiwa mtu wa miaka sitini hivi, na serikali ikamfanya mshauri wa mambo ya utamaduni. Alikuwa na miaka kama minane tu ya kukaa nchini kwake akiheshimiwa kwa kazi yake. Mwaka 1983, yeye akiwa ameshafariki, Oman ikaanzisha kituo cha muziki wa asili huko Muscat, kazi yake kurekodi na kuhifadhi ngoma na nyimbo za kila wilaya, zikiwemo zile za Sur zenye maneno ya Kiswahili ndani yake, kama lewa na midan.

Sasa mnaweza kumsikia simuni bila kuzungusha mpini wowote. Msiridhike na mara moja. Mara ya kwanza fuateni sauti yake tu, msijali maneno. Mara ya pili fuateni udi, muone unavyojibu kila anapovuta pumzi. Mara ya tatu pigeni makofi, wawili wawili kama nilivyowafundisha, na anayepiga katikati asikate tamaa.

Na mkishampenda mtakutana na ule ubishi wa wapenzi wake, jitayarisheni. Watu wa Bahrain watawaambia ni mtu wao, kwa sababu kampuni yake ilikuwa kwao na sawt ni yao. Mwingine atasema Bombay ndiyo iliyomfanya, maana huko ndiko sauti yake ilikotiwa kwenye santuri. Wasikilizeni mpaka mwisho, wana hoja. Kisha waambieni kwamba kati ya nchi zote alizotia nanga, jina alilochagua kuandika kwenye santuri zake ni Suri.