Sufuria ya Speke

Ukibandika maji ya chai Nyamagana, jijini Mwanza, yatatokota kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi. Dar es Salaam husubiri hadi karibu 100. Tofauti inaletwa na mwinuko: kadiri nchi inavyopanda, ndivyo hewa inayoyakandamiza maji inavyopungua.

Kwa ujuzi huo huo mpelelezi John Hanning Speke, aliyefika Mwanza Agosti 3, 1858, alipima kimo cha Ziwa Victoria kwa kipimajoto na maji yanayochemka. Akapata takriban futi 3,740, sawa na mita 1,140. Vipimo vya leo vinasema mita 1,134 hivi. Kwa kazi ya sufuria porini, si haba!

Ramani yake ndiyo ya kuisoma kwa jicho kali. Upande wa kusini, kwenye mkono wa Ghuba ya Mwanza na visiwa vyake, alichora alichokiona. Kaskazini kote alichora alichosimuliwa na wafanyabiashara, akiwamo Mwarabu Snay bin Amir wa Kazeh, Tabora ya leo. Speke alikaa siku chache tu na hakupanda mtumbwi. Mwenyeji mmoja alimwambia huenda maji yale yanafika mwisho wa dunia. Hata hivyo Speke akatangaza kwamba chanzo cha Nile kimepatikana, hoja yake kubwa ikiwa kile kimo: ziwa liko juu vya kutosha maji yateremke hadi Misri.

Mwenzake wa safari Richard Burton, aliyebaki Kazeh, aliikataa hoja hiyo. Alikuwa na haki ya kushuku. Kwa njia hiyo hiyo kimo cha Ziwa Tanganyika kilikuwa kimetoka pungufu kwa takriban mita 200. Kwa maoni yangu, Speke alibebwa na bahati kiasi kile kile alichobebwa na ufundi.

Ubishi ulipoa mwaka 1875, mpelelezi Henry Morton Stanley aliposhusha mashua yake Lady Alice huko Kageye, Magu ya leo, akalizunguka ziwa zima na kukuta ni ziwa moja, si maziwa kadhaa. Ghuba iliyo mashariki ya mji wa Mwanza akaiita kwa jina la Speke, na ndilo lililomo kwenye ramani zetu hadi leo, ingawa mwenye jina hakuwahi kupiga kasia humo.