Pima Mbegu Kabla ya Kupanda

Mbegu mbovu humpotezea mkulima mdogo fedha, mbolea, nguvu kazi na msimu mzima. Kwa sababu hiyo, kupima uotaji wa mbegu ni miongoni mwa stadi zinazofundishwa kwa vitendo katika shamba darasa, nawe waweza kuufanya upimaji huo nyumbani.

Hesabu punje 100 za mahindi bila kuzichagua. Zipange juu ya kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, kiviringishe, kisha ukiweke kivulini na kukinyunyizia maji kisikauke. Baada ya siku 7, hesabu punje zilizotoa mzizi na chipukizi lenye afya. Mbegu bora huota punje 90 au zaidi. Zikipungua, mrudie muuzaji mapema. Mbegu zilizotiwa dawa zisiliwe wala kulishwa kuku.

Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa, pakiti yenye lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI). Tunza stakabadhi, pakiti na mbegu chache hadi mavuno. Huo ndio ushahidi wako ukilalamika.

Pima wiki mbili kabla ya mvua. Kasoro ikigunduliwa shambani, muda wa kupanda upya huwa umekwisha kupita.