Mvua Iliyotangulia Theluji

Katika kaunti ya Meade, magharibi mwa jimbo la South Dakota nchini Marekani, ng'ombe wameizoea theluji. Hukaa nje majira yote ya baridi, na walio wengi hufika Aprili wakiwa wazima. Ndiyo maana vifo vya Oktoba 2013 vinahitaji maelezo. Dhoruba iliyopiga eneo hilo kuanzia tarehe 3 hadi 5 iliua maelfu ya ng'ombe, pamoja na kondoo na farasi.

Ilianza na mvua. Ng'ombe walinyeshewa kwa saa nyingi wakalowa chapachapa, kisha mvua ikageuka theluji, na upepo katika baadhi ya maeneo ukapita kilomita 100 kwa saa. Manyoya humkinga mnyama kwa sababu hushika hewa kati ya nywele. Yakilowa, hewa hiyo hutoka na maji hunyonya joto la mwili. Ng'ombe mwenye manyoya mazito, makavu, huvumilia baridi hadi karibu nyuzijoto 8 chini ya sifuri kabla ya kulazimika kutumia nguvu ya ziada kujipasha moto. Aliyelowa huanza kuhangaika kwenye nyuzijoto 15 tu, yaani asubuhi ya kawaida kule Limuru. Na hawa walikuwa bado na manyoya mepesi ya kiangazi, tena kwenye malisho ya wazi.

Ng'ombe akizidiwa na baridi huupa upepo mgongo na kutembea. Theluji ilipofunika nyua, walipita juu yake wakaenda mbali, wengine wakatumbukia makorongoni na malamboni. Wenyewe waliitambua mizoga kwa chapa na hereni za masikioni.

Ndama walikuwa karibu kupelekwa mnadani, mapato ya mwaka mzima kwa familia nyingi, na majike wengi walikuwa na mimba. Ofisi za serikali kuu zilikuwa zimefungwa tangu Oktoba 1 kwa mvutano wa bajeti, na mpango wa fidia ya mifugo ulikuwa umekwisha muda. Ulirudishwa na sheria iliyosainiwa Februari 7, 2014, kwa asilimia 75 ya bei ya soko. Miezi minne ni mingi mno kwa aliyebaki bila mtaji.

Wafugaji wetu wa Marsabit na Longido, ng'ombe aliyekondeshwa na ukame naye hufa kwa baridi mvua za kwanza zinaponyesha usiku. Mtengenezeeni mapema mahali pa kujikinga na upepo.