Mzazi Anayesoma Chuo Kikuu Uingereza: Mkopo, Ruzuku na Posho

Nchini Uingereza, mwanafunzi wa muda wote wa chuo kikuu kwa kawaida hana haki ya posho wanayolipwa watu wa kipato kidogo. Anatazamiwa kuishi kwa mkopo wa masomo. Mzazi ni miongoni mwa wachache wasiobanwa na katazo hilo. Mwenye mtoto anayemlea anaweza kuchukua mkopo na papo hapo akalipwa Universal Credit, posho ya kila mwezi iliyoanza mwaka 2013 na kuchukua nafasi ya posho kadhaa za zamani, ukiwemo msaada wa kodi ya nyumba. Hii ni haki ya kisheria. Ugumu unatokana na fedha hizo kutoka katika ofisi mbili zenye mitazamo tofauti: ya kwanza inamwona mkopaji atakayelipa siku za usoni, ya pili inaona familia yenye kipato kidogo leo.

Kwa upande wa masomo, England inahudumiwa na Student Finance England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Kuna mkopo wa ada, ambao kwa mwaka wa masomo 2025/26 ulifikia paundi 9,535 na hulipwa chuoni moja kwa moja. Kuna na mkopo wa kujikimu, ambao kiasi chake hutegemea kipato cha kaya na mahali mwanafunzi anapoishi. Zamani wanafunzi kutoka familia zenye kipato kidogo walipewa sehemu ya fedha za kujikimu kama ruzuku, lakini waliojiunga kuanzia mwaka 2016 hupata mkopo mtupu. Marejesho yake hata hivyo hayafanani na ya mkopo wa benki. Walioanza shahada tangu Agosti 2023 hukatwa asilimia 9 ya mapato yanayozidi paundi 25,000 kwa mwaka, na salio lolote hufutwa baada ya miaka 40.

Mzazi ana nyongeza zake, nazo hazirudishwi. Parents' Learning Allowance ni takriban paundi 2,000 kwa mwaka kwa kiwango cha juu. Childcare Grant hulipa hadi asilimia 85 ya gharama za kulelewa mtoto katika kituo au kwa mlezi aliyesajiliwa, kwa kikomo kinachopangwa kila mwaka. Wanaosomea uuguzi, ukunga na fani kadhaa za afya hupata kutoka mfuko wa huduma ya afya ya taifa paundi 5,000 kwa mwaka, na 2,000 zaidi wakiwa na mtoto.

Kinachowachanganya wengi ni jinsi Universal Credit inavyohesabu fedha hizi. Mkopo wa ada hauguswi, wala posho ya mtoto inayoitwa Child Benefit haipunguzwi kwa sababu ya masomo. Mkopo wa kujikimu, ingawa ni deni, huhesabiwa kuwa kipato. Kuna sehemu yake inayotengwa kwa wanafunzi wenye haki ya posho, nayo huachwa nje ya hesabu. Kinachobaki hugawanywa kwa miezi ya masomo, paundi 110 husamehewa kila mwezi, na salio hukatwa kwenye posho paundi kwa paundi.

Mathalani, mkopo unaohesabiwa uwe paundi 9,000 na miezi iwe tisa. Kila mwezi ni paundi 1,000; zikiondolewa 110, zinabaki 890. Familia ambayo ingelipwa posho ya paundi 1,300 itapokea 410. Mkopo wenyewe hauji kwa mwezi. Huja kwa mikupuo mitatu, mmoja kila muhula, na ule wa Septemba hauna budi kutosha hadi Januari. Anayenunua kompyuta, sare za watoto na kulipa madeni kwa mkupuo wa kwanza atafika Novemba akiwa na paundi 410 tu. Likizo ndefu ya kiangazi ikiingia, mkopo hauhesabiwi tena na posho hurudi kuwa 1,300. Ila mzazi asipojaza upya taarifa zake, makato huweza kuendelea. Na kwa kuwa wakati huo hahesabiwi kuwa na kipato cha mwanafunzi, anaweza kutakiwa kutafuta kazi.

Sheria haiangalii tu mkopo uliochukuliwa. Inahesabu kiwango cha juu ambacho mwanafunzi angeweza kukipata kwa kuchukua hatua za kawaida. Mwislamu anayekataa mkopo kwa sababu ya riba anaweza basi kukatwa posho kwa fedha ambazo hakuzishika. Sheria ya mwaka 2017 iliruhusu kuundwa kwa mfumo mbadala usio na riba, lakini miaka ikapita bila wanafunzi kuupata.

Malezi ya watoto nayo yana kasoro inayostahili kulalamikiwa. Nchini England, watoto wote wa miaka mitatu na minne hupata saa 15 za bure kwa wiki katika miezi ya shule. Saa 30, zilizopanuliwa Septemba 2025 hadi kwa watoto wa miezi tisa, ni za wazazi wanaofanya kazi na kupata angalau mshahara wa saa 16 za kima cha chini kwa wiki. Mama anayekesha wodini kwa mafunzo ya uuguzi bila mshahara hahesabiwi kuwa anafanya kazi. Akiajiriwa pembeni anaweza kufikia kigezo hicho, lakini akidai gharama za malezi kupitia Universal Credit hawezi kulipwa pia Childcare Grant. Inabidi achague moja.

Milango hii haiko wazi kwa kila mgeni. Mkimbizi aliyekubaliwa anaweza kuomba mkopo. Wakazi wa kudumu kwa kawaida huhitaji miaka mitatu ya kuishi nchini. Aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam kwa viza ya mwanafunzi hana haki ya posho hizi, na tangu Januari 2024 wengi wa wanafunzi hao hawaruhusiwi hata kuja na familia, isipokuwa hasa walio katika shahada za utafiti.

Anayestahili anapaswa kupeleka barua ya Student Finance England kwenye akaunti yake ya Universal Credit mara anapoipata, na kuangalia makato ya mwezi wa kwanza. Fedha za ziada zilizolipwa zinaweza kudaiwa hata kama kosa ni la ofisi. Anayedhani amekatwa kimakosa huomba uamuzi utazamwe upya, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja, na asiporidhika hukata rufaa mbele ya baraza huru la rufaa.