Pima Dume Kabla ya Kupandisha



Mfugaji mmoja hapa Muleba aliazima dume wa Ankole kwa jirani. Dume alikuwa mnene, mwenye pembe nzuri, na hakuwa na dalili yoyote. Alikaa zizini msimu mmoja. Mwaka uliofuata ng'ombe wanne walitupa mimba, wengine walirudi kwenye joto mara kwa mara, na mke wake akaanza kuugua homa isiyoisha. Aliponiita, kazi ya kupima damu ilikuwa imechelewa.

Kipeperushi hiki kinakueleza namna ya kujikinga na hasara kama hiyo.

Magonjwa yanayojificha

*Ugonjwa wa kutupa mimba (bruselosi).* Ng'ombe hutupa mimba iliyokua, mara nyingi kuanzia mwezi wa 5, na kondo la nyuma hubaki tumboni. Dume anaweza kuvimba korodani, na baadhi ya ng'ombe huvimba magoti. Wengi hawaonyeshi chochote. Ng'ombe akishatupa mara moja, mimba zinazofuata anaweza kuzibeba mpaka mwisho, nawe ukadhani amepona. Hajapona. Vimelea hutoka kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa yake. Wenzake hupata ugonjwa hasa kwa kulamba kondo au ndama aliyetupwa, au kula majani yaliyochafuliwa.

*Trikomonasi na vibrio.* Haya huenezwa na dume wakati wa kupanda. Dume mwenyewe haugui, na dume mzee hubeba vimelea kwa muda mrefu zaidi. Ng'ombe waliopandwa hurudi kwenye joto, au hutupa mimba changa ambayo hata huioni malishoni. Ukiona ng'ombe wengi wanarudia joto, usiwalaumu ng'ombe kwanza. Mchunguze dume.

Mnyama mzima wa macho anaweza kuwa mgonjwa

Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aligundua vimelea vya bruselosi kwa askari waliokufa kwa homa kisiwani Malta. Chanzo cha homa kilijulikana mwaka 1905, Themistocles Zammit alipopima damu ya mbuzi wa maziwa wa kisiwa hicho. Mbuzi wale walionekana wazima kabisa, lakini damu ilionyesha wana ugonjwa. Askari walipokatazwa maziwa mabichi mwaka 1906, homa ilipungua sana. Funzo lake linatuhusu hata sisi wa Rutoro na Ngenge: jicho haliwezi kufanya kazi ya kipimo.

Hatua za kufuata

1. Kabla ya kununua au kuazima dume, uliza historia ya zizi anakotoka. Je, kuna ng'ombe waliotupa mimba? Wanaorudia joto?

2. Mwite afisa mifugo wa kata achukue damu. Kipimo cha kwanza ni rahisi: tone la majimaji ya damu huchanganywa na tone la dawa ya rangi ya waridi. Chembe zikishikana ndani ya dakika 4, mnyama anashukiwa, na sampuli hupelekwa maabara kuthibitishwa. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) ana kituo Mwanza kwa ajili ya Kanda ya Ziwa.

3. Kwa trikomonasi na vibrio damu haitoshi. Govi la dume huoshwa kwa maji maalumu na maji hayo hupimwa maabara. Usikubali kuambiwa "damu ni safi" ukaishia hapo.

4. Mtenge mgeni. Mnyama aliyeambukizwa karibuni anaweza kuonekana safi. Mweke peke yake, umpime tena baada ya siku 30 hadi 60, ndipo achanganyike na wengine. Mtamba mwenye mimba apimwe tena baada ya kuzaa.

5. Mwambie afisa kama mnyama aliwahi kuchanjwa bruselosi, kwa sababu chanjo inaweza kubadili majibu. Chanjo ya S19 ni ya mitamba ya miezi 3 hadi 8. Dume hachanjwi.

Kama dume mmoja anatumiwa na kaya nyingi, changieni gharama ya kipimo. Dume akiugua, ni zizi la kila mmoja wenu litakaloumia. Njia nyingine ni uhimilishaji, kwa mbegu za madume waliopimwa.

Majibu yakiwa mabaya

Bruselosi ya ng'ombe haitibiwi. Usimchome dawa ukitumaini atapona, na usimpeleke mnadani ukamuuzia mfugaji mwenzako. Ukifanya hivyo ugonjwa utazunguka na kurudi kwako kupitia malisho na maji mnayochangia. Mtenge, kisha panga na afisa mifugo achinjwe machinjioni, mkaguzi wa nyama akiwa amejulishwa.

Na mbwa wa zizini?

Mbwa akikuta kondo au ndama aliyetupwa, atakula na kuburuta mabaki mpaka mlangoni kwako. Naye anaweza kuambukizwa. Zika mabaki kwenye shimo lenye kina cha mita moja au zaidi, umwagie chokaa, au yachome moto. Usiyashike kwa mikono mitupu.

Ukitaka kumpandisha mbwa wako wa kulinda, mkague kwanza sehemu za siri. Uvimbe mwekundu unaotoa damu huenezwa kwa kupandana, na hutibika ukiwahi kumleta. Jike aliyetupa mimba asipandishwe kabla ya kuchunguzwa. Wote wawili wawe wamechanjwa kichaa cha mbwa.

Familia yako

Chemsha maziwa mpaka yatokote, hata yale ya kugandisha. Anayemzalisha ng'ombe avae glavu na anawe kwa sabuni. Mjamzito asishike kondo wala ndama aliyetupwa.

Homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na uchovu, huku kipimo cha malaria hakionyeshi kitu: nenda kituo cha afya na umwambie mganga kwamba unafuga. Mara nyingi neno hilo ndilo humkumbusha kupima bruselosi. Binadamu hutibiwa, lakini dawa huchukua angalau wiki 6. Usiache katikati kwa sababu umepata nafuu.

Ng'ombe akitupa mimba leo, usisubiri wa pili. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa afisa mifugo wa kata yako, na usiruhusu dume kumpanda ng'ombe yeyote mpaka majibu yarudi.