Nuremberg Imeachwa Mbali: Rekodi Sita za Kesi za Kivita

Zikitajwa kesi za uhalifu wa kivita, wengi hukimbilia Nuremberg na The Hague. Vijana wanaosomea sheria hapa Lushoto, katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama, hawana haja ya kutazama mbali hivyo. Rekodi nzito kuliko zote zimewekwa Arusha, safari ya basi moja kupitia Mombo, Same na Moshi. Tuzipange.

1. Mfalme wa kwanza kuitiwa mahakama
Zama za Wajerumani mji wa Lushoto uliitwa Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, Wilhelm II. Huyo ndiye mkuu wa nchi wa kwanza kutajwa katika mkataba wa kimataifa kwamba atashtakiwa: kifungu cha 227 cha Mkataba wa Versailles, 1919. Majaji watano walipangwa, kutoka Marekani, Uingereza, Ufaransa, Italia na Japani. Hawakuketi hata siku moja. Uholanzi, alikokimbilia, ilikataa kumtoa, akafia huko mwaka 1941. Leo Uholanzi hiyohiyo ndiyo mwenyeji wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC.

2. Hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari
Mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari ulipitishwa 1948, ukakaa karibu miaka 50 bila mahakama yoyote ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Kimya hicho kilivunjwa Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ICTR, iliyokuwa na makao katika kituo cha mikutano cha AICC. Aliyekuwa kizimbani ni Jean-Paul Akayesu, meya wa zamani wa Taba.

Ukubwa wa kosa lenyewe unatisha. Rwanda ilipoteza watu laki nane au zaidi katika siku zipatazo 100 za mwaka 1994. Sensa ya 2012 iliikuta wilaya ya Lushoto na watu karibu laki tano. Yaani kila mtu, kuanzia Mlalo hadi Soni, na hesabu bado haijafika!

Kesi hii ina rekodi ya pili, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na neno lolote juu ya ubakaji. Mwaka 1997 mama mmoja, aliyejulikana mahakamani kama Shahidi J, alikuwa akieleza mambo mengine, akasema kwamba bintiye wa miaka sita alibakwa. Kwenye jopo la majaji watatu mwanamke alikuwa mmoja tu, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Maswali yakaulizwa, mashahidi wengine wakajitokeza, na Juni mwaka huo hati ikafanyiwa marekebisho. Hukumu ilipotoka, kwa mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa ilitamka kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari. Sheria ya ulimwengu ilisogezwa na mama mmoja.

3. Kiongozi wa serikali wa kwanza kuhukumiwa kwa kosa hilo
Siku mbili tu baadaye! Tarehe 4 Septemba 1998 Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali ya mpito ya Rwanda ya 1994, alipewa kifungo cha maisha. Alikuwa amekiri makosa yote sita siku ya Mei Mosi.

4. Kesi ndefu kuliko zote
Nuremberg ilimaliza kesi yake kuu kwa siku 218 za kusikiliza. Kesi ya Butare, eneo la Rwanda, iliyosikilizwa Arusha, ilipita siku 700: Nuremberg tatu na chenji. Washtakiwa walikuwa sita, mashahidi 189, na jopo likiongozwa na Mtanzania, Jaji William Sekule. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari 2001 alikuwa darasani bado wakati kesi inaanza mwezi Juni. Hukumu ilipotoka, 24 Juni 2011, alikuwa kidato cha nne. Rufaa ikaamuliwa Desemba 2015. Miongoni mwa waliotiwa hatiani ni Pauline Nyiramasuhuko, waziri wa zamani wa familia na maendeleo ya wanawake: mwanamke wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari.

5. Kifungo kirefu zaidi na fidia kubwa zaidi ya ICC
Kifungo: miaka 30, Bosco Ntaganda, kwa uhalifu wa Ituri, Kongo. Fidia: zaidi ya yuro milioni 52, iliyoamriwa Februari 2024 kwa waathirika 49,772 wa Dominic Ongwen, kamanda wa waasi kaskazini mwa Uganda. Waketishe Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, utaona zimebaki nafasi kama elfu kumi tu.

6. Mtoro sugu
Ratko Mladić wa Bosnia alijificha miaka 16. Félicien Kabuga, aliyeshtakiwa kwa kufadhili mauaji ya Rwanda, alikwepa miaka 23, licha ya Marekani kuahidi hadi dola milioni 5, akanaswa karibu na Paris Mei 2020. Kesi yake ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya maradhi ya akili ya uzeeni.

Washtakiwa wote wa ICTR walikuwa 93: basi moja la watu 65 na Kosta ya watu 28. Mei 2024 waendesha mashtaka walitangaza kwamba wawili wa mwisho kwenye orodha walikwisha kufa tangu 1998. Kati ya 93, hakuna hata mmoja anayetafutwa tena!